Vitu Alivyoiba Visitación

Visitación Yaranga alituibia kila Juma Kuu, na mke wangu Eudosia alikuwa akingoja aibiwe.

Hapa Sallapata mtu hafundishwi jambo hili, anakua nalo. Ijumaa Kuu saa tisa alasiri Bwana anakufa. Anakaa amekufa mpaka kengele ya alfajiri ya Jumapili. Hapo katikati hana macho. Ukichukua kuku wa jirani, au simbilisi wake anayenona jikoni, au kata yake ya maji, huandikiwi dhambi. Kengele ikilia, ulichochukua ni chako. Padri anatukemea kila mwaka. Kila mwaka pia analitia kufuli banda lake la kuku.

Visitación hakuwa wa hapa mjini. Alizaliwa juu, Toqtopampa, ambako sasa zimebaki kuta na nyasi. Wazazi wake walimleta akiwa mdogo amtumikie bibi mmoja aliyeuza sabuni. Yule bibi alimlaza na kondoo. Eudosia alikuwa binti wa nyumba ya pili, nyumba ya mikate. Ukuta uliozitenganisha ulikuwa na tundu. Mkate wa kwetu ni bapa na ndani hauna kitu, ukiubana unapita popote. Eudosia aliubana akaupitisha. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Visitación aliolewa na kijana wa kwao, Toribio, mfumaji. Wakarudi juu wakalima viazi. Kisha ikaja miaka ya bunduki. Watu wakaingia kijijini wamefunga vitambaa usoni, wakamchukua Toribio. Walikuwa wa upande gani, Visitación hakujua, na mimi sijui. Alingoja mvua zote za mwaka ule. Kijiji kilipochomwa, akapanda lori la viazi, akashukia Lima.

Huko alijenga kwa mikeka juu ya kilima cha mchanga, baadaye kwa matofali. Aliuza mahindi ya kuchemsha na kipande cha jibini mahali mabasi yanaposimama. Hakuolewa tena. Wapo waliomtaka. Alimwambia Eudosia, nami nikasikia:

"Hakuna aliyeniambia kama mimi ni mjane. Nikiolewa, nitakuwa nimesema mimi."

Nchi ilipotulia akaja kututembelea Juma Kuu. Alikuja aage. Alishika kuta, alishika mlango wa tanuri, alizunguka mji akiangalia kila kitu kama mtu anayehama. Eudosia aliliona hilo. Ijumaa, vibao vya mbao vilipopigwa kanisani kuwa Bwana amekufa, akamwambia:

"Haya, iba kitu."

"Niibe nini, shoga?"

"Mwizi gani anamuuliza mwenye nyumba?"

Visitación aliiba mfuniko wa sufuria. Eudosia akatoa sheria yake mwenyewe, ambayo haipo kwingine hapa mjini: kitu kirudi Juma Kuu lijalo, na kirudishwe na mkono uleule uliokichukua. Kisitumwe na basi wala kisipewe mtu.

Ikawa hivyo. Mwaka mmoja mfuniko, mwaka mwingine chekecheo la unga. Kuna mwaka aliiba kiatu changu cha kushoto. Cha kulia kilikaa chini ya kitanda mwaka mzima kikingoja. Mwaka mwingine akaiba kuku mweupe, akarudisha kuku mwekundu.

"Huyu si kuku wangu," Eudosia akasema.

"Ni yeye. Lima kuna jua, ameungua."

Walicheka mpaka Eudosia akakaa chini, kwenye unga.

Eudosia alikufa mwezi wa kwanza, mvua zikinyesha. Udongo ulikuwa mzito, wachimbaji walipumzika mara nyingi. Kabla hajafa alisema maneno machache. Mojawapo lilikuwa hili: "Mwiko wangu uko Lima. Usinunue mwingine." Sikununua. Nilikorogea kijiti.

Juma Kuu lilipofika nilikwenda stendi siku ya Jumatano. Hakuna aliyeniambia kuwa anakuja. Basi likaja. Visitación akashuka kinyumenyume, akishika mlango kwa mikono miwili, maana magoti yalikuwa mabaya. Mgongoni alikuwa na mzigo wake kwenye shuka la rangi. Mpini wa mwiko ulichomoza juu ya bega.

"Shemeji," alisema.

"Visita."

"Umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Ni masweta haya. Twende kwanza kwake."

Hakutaka kupita nyumbani. Tulikwenda makaburini. Alisimama mbele ya msalaba akamsema Eudosia, kwa sauti ya kawaida, kama wanavyosemezana watu sokoni.

"Wewe mwanamke. Umeshindwa kunisubiri hata mvua ikatike? Sasa nani atahesabu vitu vyako Jumapili? Huyu mumeo? Huyu hajui hata ana sufuria ngapi."

Akamwaga pombe ya mahindi kidogo pale chini. Iliyobaki tulikunywa.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja ukutani, akautundika mwiko kwenye msumari wake. Akarudi nyuma akautazama.

"Nimerudisha," alisema. "Mwenyewe hayupo, lakini msumari wake upo."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa kuna nini?"

"Utachukua nini?"

"Sichukui kitu, shemeji. Nilikuwa nikimwibia Eudosia. Nikikuibia wewe, watu watasema nini? Halafu haya magoti. Binti wa dada yangu ananiuliza kila siku, unakwenda kufuata nini huko milimani, kuna nani? Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na mwiko wa mtu. Sasa nimeurudisha, sina tena cha kunileta."

Alivua kofia, akaanza kumenya viazi.

Nilielewa. Kule juu kwao hakuna mtu. Hapa mjini hana nyumba nyingine anayoingia bila kupiga hodi. Akiondoka mikono mitupu hatarudi, na huko Lima atazikwa kwenye mchanga kama mtu asiye na kwao. Naye alijua. Alimenya viazi vyote, hata vya kesho.

Jirani yetu Herculana alifika kabla maji hayajachemka. Alileta sahani ya uji wa maboga ili awe na sababu.

"Karibu, shoga! Pole sana. Na mwaka huu utalala wapi?"

"Ninapolala siku zote. Hapa jikoni."

"Jikoni, ndiyo. Na mzee Anacleto?" akanitupia jicho mimi.

"Kwenye banda la tanuri. Siku zote nikija analala huko."

"Lakini tanuri siku hizi halina moto. Ataganda, maskini."

"Wewe una mume mnene," Visitación akamwambia. "Tuazime, amfunike."

Herculana alicheka sana. Lakini usiku ule taa yake haikuzimwa mapema, na dirisha lake linatazama ua wetu.

Alhamisi nilitoa kofia ya Eudosia sandukuni. Ile nyeupe yenye utepe mweusi, aliyovaa siku kuu. Nikamwekea Visitación mapajani.

"Chukua hii."

"Ya nini?"

"Uirudishe mwakani."

Aliishika ukingoni kwa vidole viwili, akaipuliza vumbi, akanirudishia.

"Shemeji, ukinipa si wizi. Hiyo inakuwa zawadi, na zawadi hairudishwi. Tena leo ni Alhamisi. Bwana yu hai, anakuona unavyohangaika."

Nikairudisha sandukuni.

Ijumaa aliamka kabla ya jua, akapanda kilima na wanawake wengine kuchuma majani ya dawa. Yakichumwa siku ile yana nguvu kuliko siku zote. Alirudi amechoka, akayatandaza juu ya tanuri baridi. Mchana tulikula samaki na maharage. Saa tisa vibao vya mbao vikapigwa kanisani, kwa kuwa kengele zimefungwa. Wanaume wakavua kofia barabarani. Baada ya hapo kila mtu akaanza kumtazama kuku wake.

Mimi nilivitoa vitu nje. Chekecheo nililiweka karibu na mlango wa ua. Taa ya mafuta nikaiweka dirishani. Kofia nikaitundika pale ambapo mtu akipita inamgusa. Mfuniko nikauacha juu ya tofali. Visitación aliniona nikipita na vitu hivyo, akaendelea kufua.

Jioni tulikwenda kwenye maandamano. Taa za mji zilizimwa. Jeneza la kioo likatoka, Bwana amelala ndani katikati ya waridi nyeupe, watu wakishika mishumaa, hakuna anayesema. Nyuma yake alikuja Mama yake, amevaa nguo nyeusi. Nyuma ya Mama wanatembea wajane. Wana nafasi yao, hawaipi mtu. Visitación miaka yote hakuingia humo. Alisimama ukingoni mwa barabara, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kama ni mjane. Mwaka ule nami nilikuwa mjane, lakini wanaume hatuna nafasi nyuma ya Mama. Tulisimama wote wawili ukingoni. Wajane wakapita. Nta ya mshumaa wake ilimdondokea kwenye kidole, akaiacha ikauka.

Tuliporudi, kofia ilikuwepo, taa ilikuwepo, mfuniko ulikuwepo. Chekecheo halikuwepo.

Nilimwangalia. Nilifurahi.

"Chekecheo liko wapi?" akauliza.

"Sijui."

"Lilikuwa hapa mlangoni. Uliliweka mwenyewe, kama mtego wa panya."

"Basi sijui."

Alitoka. Nikamsikia ng'ambo ya ukuta.

"Herculana! Lete chekecheo."

"Chekecheo gani, shoga?"

"Hilo ulilolikalia."

"Bwana amekufa, hanioni."

"Mimi sijafa. Nakuona."

"Lakini ni haki yangu! Limeachwa mlangoni kabisa!"

"Limeachiwa mtu mwingine. Wewe nenda kwa padri, kaibe kuku."

"Ana kufuli!"

"Basi kaibe kufuli."

Akarudi nalo, akalitundika.

"Nilidhani ni wewe," nikamwambia.

"Mimi? Chekecheo niliiba mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji. Siibi kitu kimoja mara mbili, shemeji. Nina heshima zangu."

"Kwa hiyo ungechukua kingine?"

"Nenda kalale. Herculana anangoja kuona unaingia mlango gani."

Jumamosi alisaga pilipili na karanga za mchuzi wa Pasaka, ule mwekundu tunaopikia viazi. Jiwe letu la kusagia lipo jikoni tangu enzi za mama yake Eudosia. Jiwe la chini ni bapa, halihamishiki, linaitwa mama. La juu lina umbo la nusu mwezi. Unalishika pembe mbili kwa mikono miwili, unalibembeza huku na huku. Hilo linaitwa mtoto. Mtoto akipotea, mama hana kazi. Ni jiwe tu.

Mimi na Eudosia hatukupata watoto.

Visitación alipiga magoti kwenye gunia na kusaga. Alisaga polepole, akipumzika. Sauti ya jiwe haikuwa imesikika nyumbani tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa nje nikichanja kuni. Nikaacha kuchanja.

"Nyumba hii ilijaliwa mtoto mmoja tu," alisema bila kugeuka. "Huyu hapa. Na hajawahi kulia."

Akamaliza, akaliosha jiwe, akalifunika kwa gunia, kama Eudosia alivyokuwa akilifunika, kuku wasipande.

Alfajiri ya Jumapili kengele ikalia. Kiti cha enzi, jukwaa la kumbebea Bwana, kikatoka kanisani, kirefu kama nyumba, cheupe chote kwa nta, mahindi ya nta na majani ya nta na mishumaa inawaka, na Bwana juu kabisa, yu hai. Wanaume wanakibeba mabegani. Zamani nami nilibeba. Fataki zikapigwa. Bwana alikuwa na macho tena.

Visitación alitazama mpaka kilipokunja kona. Kisha akasema ana njaa.

Nyumbani nilihesabu kimyakimya. Mwiko msumarini. Chekecheo. Kofia, taa, mfuniko. Viatu vyote viwili. Kuku nao hawakupungua. Hakuchukua kitu. Tulikula mchuzi mwekundu. Ulikuwa mzuri. Nilimwambia ulikuwa mzuri, akasema karanga za mwaka huu zina mafuta.

Mchana akafunga mzigo wake. Nilitaka kuunyanyua nikashindwa, nikaunyanyua tena.

"Umeweka nini humu?"

"Mahindi."

"Mahindi mazito hivi?"

"Mahindi ya huku si kama ya Lima. Umezeeka, shemeji, sema tu. Lete nibebe mwenyewe."

Nikajitwika mgongoni. Kutoka kwetu mpaka stendi ni mteremko, kisha kupanda. Kitu kigumu kilinipiga kiunoni kila hatua. Herculana alikuwa mlangoni kwake.

"Loo, leo mgeni anaondoka na mali! Umembebesha nini mzee?"

"Mtoto," Visitación akasema.

"Nyie na maneno yenu."

Utingo aliupandisha mzigo juu ya basi akaguna, akauliza kama ni maiti. Visitación akamwambia auweke taratibu, usigongwe. Akapanda ngazi kwa mikono. Akakaa dirishani.

"Utakuja?" nikamuuliza.

"Magoti yakitaka."

"Basi."

"Kula, shemeji. Usikorogee vijiti, mwiko upo."

Basi likaondoka. Nilirudi nyumbani kwa njia ya makaburini. Nilimwambia Eudosia amekwenda.

Siku zilizofuata nilikula viporo. Vilipokwisha nikanunua pilipili sokoni, nikarudi jikoni, nikavuta gunia.

Jiwe la chini lilikuwepo. Juu yake palikuwa na sweta, lile la kijani alilokuja nalo, limekunjwa na kufungwa kamba katika umbo la nusu mwezi. Amelikunja vizuri. Mtu akipita hawezi kujua.

Nikakaa kwenye gunia. Nilikuwa nimembebea mwenyewe, kilima kizima, na nikamuuliza kwa nini ni zito.

Alilichukua Jumamosi, baada ya kusaga. Bwana alikuwa bado amekufa. Kwa desturi ya Sallapata ni lake. Kwa sheria ya Eudosia atalirudisha, kwa mkono uleule, na mtu hawezi kulituma jiwe kama lile kwa mtu mwingine hata akitaka.

Sokoni yupo mchonga mawe. Ameniita mara kadhaa. Anasema anaweza kuchonga mtoto atakayemfaa mama yeyote, mradi aone mama ana upana gani. Nimemwambia wa kwetu yupo, amesafiri. Herculana naye alikuja kuazima jiwe siku la kwake lilipopasuka. Nikamwambia aangalie mwenyewe. Aliinua gunia, akaliona sweta, akaliangalia kwa muda.

"Mwizi mkubwa," akasema. Tangu siku ile hajauliza tena nani analala wapi.

Mwaka huu nimekula pilipili nzimanzima, za kuchemsha. Si sawa na za kusaga. Nimezizoea.

Mvua zimekatika. Jumapili hii ni ya Matawi, watoto wameshapita wakiuza makuti. Nimelisugua jiwe la chini kwa mchanga na maji. Nimewasha tanuri kidogo, banda lipate joto. Basi la Lima hufika Jumatano jioni. Sweta nimelifua.